Mlevi wa Makambi

Habari kwamba Mogaka atalewa mbele ya kanisa zima zilimfikia mkewe Drusilla shambani, vidole vikichuma majani ya chai na kikapu kikiwa kimejaa nusu mgongoni. Aliyezileta ni Nyanchera, jirani ambaye habari ikilala kwake usiku mmoja bila kusimuliwa, yeye huamka na kichomi.

"Mama Kwamboka, kumbe mmekubali!" alipaza sauti kutoka mstari wa tatu.

"Tumekubali nini?"

"Baba Kwamboka arudie pombe. Jumapili, saa nne asubuhi, bomani kwangu. Mzee wa kanisa atakuwapo, na kamera itakuwapo. Mimi nimeombwa chungu na mirija."

Drusilla aligeuka polepole, kama mtu aliyebeba kitu kilichojaa hadi ukingoni. "Nyanchera, leo ni siku ya kazi. Usinichezee."

"Nikuchezee kwa nini? Muulize mwenyewe. Alisema ndiyo mbele ya baraza la kanisa, wakampigia makofi. Mimi kama mume wangu angepigiwa makofi kwa kulewa, ningekuwa mke wa shujaa miaka ishirini sasa!"

Wachumaji wote wakacheka. Drusilla naye alicheka kidogo kwa adabu, kisha akainama na kuchuma majani matatu magumu mfululizo, yale ambayo karani wa kituo cha kununulia chai huyatupa chini bila hata kuyatazama mara mbili. Tangu aolewe hakuwahi kukosea hivyo.

Mogaka alikuwa ameacha pombe tangu Juni ya mwaka uliotangulia.

* * *

Mambo yalianza hivi. Katika makambi ya mwaka wa tisini na tano, ile mikutano ya kanisa ya kila mwaka chini ya hema, mhubiri mgeni alihubiri juu ya ubaya wa pombe saa nane mchana, mara tu baada ya watu kula ndizi na maharage. Nusu ya hema ililala. Mlevi mmoja aliyeletwa na mama yake kwa kubembelezwa alikoroma hadi wimbo wa mwisho. Mzee Abner, mzee wa kanisa na mwalimu mkuu mstaafu, alirudi nyumbani akiwa na uchungu moyoni, akaapa kwamba mwaka unaofuata dhambi hiyo itaonekana kwa macho. Akaenda Kisii mjini kwa Vasant, mwenye studio ya picha za pasipoti na kamera ya video ya harusi. Wakakubaliana. Filamu ya nusu saa ingepigwa hapo kijijini Ekerenyo, ionyeshwe kwenye runinga mbele ya hema, jenereta ikinguruma nyuma.

Tatizo likawa mlevi. Zachariah, shemasi ambaye hajawahi kuonja hata mkate uliochacha, alijitolea. Alipoyumba mbele ya baraza, alionekana kama mtu aliyekanyaga majivu ya moto. Tena mama mmoja akauliza: mshirika akijifanya mlevi na hajalewa, si anasema uongo kwa miguu? Swali hilo likawa zito kwa baraza zima.

Ndipo Mzee Abner alipomtazama Mogaka aliyeketi mwishoni mwa benchi. "Ndugu Mogaka hatasema uongo," alisema. "Yeye atakuwa anashuhudia yale aliyoyafanya kweli."

Na wakapiga makofi.

* * *

"Ungeniuliza," Drusilla alimwambia jioni hiyo. Mogaka alikuwa anakamua ng'ombe, mkewe amesimama na kopo la mafuta ya chuchu.

"Nilitaka kukuuliza. Makofi yakaja kwanza."

"Baba Kwamboka."

"Naam."

"Watu waliwahi kukupigia makofi lini?"

Mogaka aliacha kukamua. Akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Siku ya harusi yetu. Nadhani hata hiyo walikupigia wewe."

Drusilla akajikuta anacheka bila kutaka. Mumewe alikuwa mtu mzuri wa kuchekesha, hilo hata pombe haikumwondolea. Lakini kicheko kilipoisha, hofu ilikuwa palepale.

"Mzee Abner amesema chungu kitajazwa uji wa unga wa wimbi," Mogaka alisema. "Rangi ni ileile. Nitakunywa uji, nitayumba kidogo, nitaanguka mara moja kwenye migomba, basi. Kijana mmoja akiniona akaacha, nitakuwa nimelipa kitu kwa Mungu."

"Wewe utajua ni uji. Je, mwili wako utajua?"

Mogaka alirudi kwa ng'ombe, na maziwa yakasikika yakigonga ndoo. Drusilla alikwenda nyuma ya jiko, mahali anapozungumza na Mungu wake bila kusumbuliwa, akasema: Baba, huyu ulinipa mara ya pili. Sikuombi filamu iharibike. Nakuomba tu nisirudishiwe yule wa kwanza.

* * *

Jumapili ilifika na jua zuri. Vasant alishuka kwenye pikapu yake, Mhindi mnene mwenye miwani na shati jeupe, akamsalimia Drusilla, "Bwakire buya, omong'ina," kwa Kigusii safi mno hata watoto wakatazamana. Alikuwa amezaliwa nyuma ya duka la babake Kisii mjini, na alijua matusi ya lugha hiyo kuliko wengi wao, ingawa siku hiyo aliyaacha nyumbani.

Nyanchera alikuwa ametoa chungu chake kikubwa na mirija mirefu. Yeye mwenyewe alikuwa amepika pombe ya busaa miaka mingi kabla ya kuingia darasa la ubatizo. Wazee wanne wa kanisa waliketi kukizunguka chungu, wamevaa makoti ya zamani, wakinyonya uji kwa mirija na kuonekana wamefurahi zaidi ya inavyowapasa.

"Haya, Bwana Mogaka," Vasant alisema, jicho kwenye kamera. "Simama, aga wenzako, nenda nyumbani."

Mogaka akasimama. Akamuaga kila mmoja mara mbili, na chungu nacho akakiaga. Akatoka njia, akarudi kuomba msamaha kwa mgomba aliougonga, akaukumbatia, akaanza kuuelezea shida zake za shamba. Umati uliokuwa umekusanyika kwenye ua ulipasuka kwa kicheko. Wazee wa chungu walimwaga uji mapajani. Mzee Abner mwenyewe aligeuka nyuma akajipangusa macho kwa leso.

Vasant alizima kamera. "Tatizo," alisema.

"Tatizo gani? Kazi safi!"

"Mzee, mtu akitazama hii atataka kuwa huyu. Hata mimi nimetaka, na mimi situmii." Akavua miwani na kuifuta. "Nimepiga harusi zaidi ya mia mbili. Kila harusi ina mlevi wake. Ukimpiga mzima, kutoka kichwani hadi miguuni, watu hucheka. Lazima tuingie ndani ya macho yake."

Akatoa kipande cha kioo mfukoni, akakipaka pembeni mafuta mazito ya kujipaka, akakishika mbele ya lenzi. Kisha akaipeleka kamera huku na huku, ikiinama kama mashua. Akamwita Mzee Abner achungulie. Abner aliweka jicho, na papo hapo akashika bega la Vasant asianguke.

"Migomba inaogelea!"

"Ndivyo mlevi anavyoona."

"Na anayetazama runinga ataona hivihivi?"

"Hivihivi."

Mzee Abner alijiondoa kwenye kamera, uso umebadilika. "Hapana, Bwana Vasant. Hiyo haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Hema lina watu mia tatu. Ukiwaonyesha hivyo, umewalevya wote mia tatu, wamekaa mbele ya mimbari, wengine wana watoto mgongoni. Nitamwambia nini mchungaji? Kamera ya kanisa hailewi."

"Kamera hainywi kitu, mzee."

"Lakini anayeitazama anayumba. Wewe umeniona!"

Walibishana robo saa nzima. Zachariah aliunga mkono pande zote mbili. Mwishowe Vasant alifuta mafuta kwenye kioo, akaahidi kwamba kamera itasimama wima juu ya miguu yake mitatu kama shemasi.

"Basi nipeni uso," alisema. "Uso peke yake, karibu kabisa. Mtu anayejiambia hatakunywa, halafu anakunywa. Hiyo nikiipata, sihitaji kuyumba kokote."

Wakajaribu. Mogaka aliinama juu ya mrija, kamera imemkaribia hadi ikaona vinyweleo vya kidevu. Wakajaribu mara tatu. Vasant alitikisa kichwa kila mara.

"Naona mtu anayekunywa uji."

"Ni uji," Mogaka alisema, kwa masikitiko ya kweli.

Nyanchera akakohoa. Wote wakamgeukia.

"Mnajua," alisema, akichezea kona ya leso yake, "shangazi yangu aliniwekea kitu kidogo kwenye kibuyu. Si changu. Mimi hata sijui kiko wapi. Kiko nyuma ya kuni upande wa kushoto."

"Nyanchera!" Mzee Abner alisema.

"Ni cha shangazi!"

"Tutazungumza Sabato." Lakini alisitasita, akaangalia kamera, jua, na kaseti iliyokuwa inaisha. Mtu aliyepanga jambo mwaka mzima huwa dhaifu likikaribia kukamilika. "Anuse tu," alisema hatimaye. "Kunusa si kunywa. Ndugu Mogaka, unaweza kunusa kwa utukufu wa Mungu?"

"Naweza," Mogaka alisema, haraka kidogo.

Drusilla alisikia ile haraka. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na ghala, mikono ameikunja kifuani. Uji ulimwagwa, kibuyu kikamiminwa chunguni, na maji ya moto juu yake. Harufu ikapanda: chachu, unga uliokaangwa, na kitu kingine ambacho kwake kilikuwa harufu ya blanketi, ya shati la Jumatatu, ya miaka tisa.

Mogaka aliinama. Kamera ikawaka.

Mwanzoni hakukuwa na kitu. Halafu pua ilifunguka. Mkono wake wa kulia uliondoka gotini wenyewe, ukaushika mrija, na ncha yake ikawa inagonga ukingo wa chungu, ti, ti, ti. Macho yalikuwa yametulia, kama ya mtu aliyemwona ndugu yake aliyepotea.

"Safi," Vasant alinong'ona. "Safi sana. Usiache."

"Tazameni anavyoigiza!" alisema Zachariah.

Kijasho kilimtoka Mogaka juu ya mdomo. Mrija ulikuwa umebakisha upana wa kidole kufika mdomoni.

Drusilla hakujua alivukaje ule ua. Alijikuta kati ya kamera na chungu, mgongo wake ukiijaza lenzi nzima, mkono wake juu ya mkono wa mumewe. Hakuvuta. Aliushika tu, kama mtu anavyomshika mtoto barabarani.

"Mama!" Mzee Abner aliruka. "Umeharibu! Hiyo ndiyo tuliyoitafuta tangu asubuhi!"

Wengine wakaguna. Mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba wanawake wengine hawapendi kuona waume zao wakisifiwa. Drusilla aliyasikia yote, masikio yakawaka moto, na mkono hakuuondoa.

"Hakuwa anaigiza," alisema.

Watu wakamtazama Mogaka, wakingoja acheke, awape utani. Mogaka aliuachia mrija. Ukazama chunguni wote.

"Ni kweli," alisema. "Nilikuwa nimeshafika. Asante, mama Kwamboka."

Mzee Abner alivua kofia. Alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilipomgeukia hakuikimbia. "Nimekujaribu kwa kitu ambacho Mungu alikutoa ndani yake," alisema. "Ndugu yangu, nisamehe." Akakiinua chungu mwenyewe ili akimwage chini ya migomba, kikamshinda kwa uzito, ikabidi Zachariah amsaidie, na nusu ya busaa ikaishia kwenye viatu vya shemasi. Ndipo watu walipopumua, hata kucheka.

Vasant peke yake hakucheka. Alikuwa anamwangalia Drusilla. "Mama, ulijuaje? Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wewe, na nina kioo kinachokuza."

"Miaka tisa nimejua kabla hajafika nyumbani," Drusilla alisema. "Ninyi mnatafuta ulevi kwa mlevi. Huko hamtauona, mtaona vichekesho. Njooni kwangu jioni."

* * *

Ilikuwa yapata saa kumi na moja jioni walipofika. Nyumba ilikuwa ya udongo na mabati, sebule moja, meza, kabati, kitanda pembeni, taa ya kioo, picha ya harusi. Drusilla alimwelekeza Vasant kuweka kamera ndani, itazame mlango uliofungwa.

"Na mlevi?" Vasant aliuliza.

"Mlevi haonekani. Mlevi yuko nje. Sisi tuko humu, tunamsikia anakuja."

Tabasamu likamjaa Vasant. "Sauti tu," alisema. "Mlango na sauti. Mama, ungezaliwa mjini ungeninyima kazi." Akatoa maikrofoni na kuipitisha dirishani.

Wakamtuma Mogaka nje atembee kama zamani. Alitembea. Drusilla akafungua dirisha. "Hapana."

Akatembea tena, akajikwaa kwa makusudi.

"Hapana, baba Kwamboka. Hukuwa unajikwaa. Mguu wa kulia ulikuwa unaburuta, halafu unasimama pale kwenye mawe, kimya, hadi mtu ahesabu kumi. Kile kimya ndicho kilikuwa kibaya."

"Nilikuwa nasimama?"

"Kila siku."

"Nafanya nini?"

"Sisi tungejuaje? Tulikuwa humu."

Mogaka alijaribu mara ya nne, akashindwa. Alikuwa anazijua njia zote za kutoka kwa Nyanchera, ila hakuwahi kujisikia akifika. Basi Drusilla akamvua gambuti zake za mpira, akazivaa mwenyewe juu ya soksi mbili, akamsukuma aingie ndani akae kwenye kiti karibu na binti yao Kwamboka, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na alikuwa anamenya viazi.

"Wewe keti hapo," alimwambia mumewe. "Nitakuja mimi."

Mlango ukafungwa. Vasant akawasha kamera. Mzee Abner na Zachariah walijibana ukutani.

Kwanza palikuwa kimya, na ng'ombe mbali. Kisha gambuti zikasikika chini mteremkoni. Hatua moja nzito. Mburuto. Hatua nyingine. Mburuto. Hazikuwa za kuchekesha hata kidogo. Zilikuja bila haraka, zikijua zinakokwenda.

Kwamboka aliweka kisu chini. Hakuna aliyemwambia. Aliinuka kwenye kigoda, akakitoa kioo cha taa kwa mikono miwili, akakisukuma chini ya kitanda, mbali kabisa ukutani. Akalifunika sufuria la chakula. Akalishusha jembe lililoegemea mlangoni akalilaza chini. Kisha akaenda kusimama kwenye pembe nyuma ya kabati, mabega ameyakunja, akawa mdogo kuliko umri wake. Yote hayo aliyafanya katika muda wa hatua sita, bila sauti, kama mtu anayetandika kitanda.

Mogaka alikuwa anamtazama. Vasant, bila kupumua, akaigeuza kamera kutoka mlangoni hadi kwenye uso wa Mogaka, na akaiacha hapo.

Hatua zilifika kwenye mawe. Zikasimama.

Moja. Mbili. Tatu. Hakuna aliyeweza kuacha kuhesabu. Ilipofika saba, Mogaka, mwenye nyumba, alikuwa ameinuka na kurudi nyuma hadi kwenye pembe, akasimama bega kwa bega na binti yake.

Mlango ukafunguka. Drusilla aliingia na gambuti zilizompita magotini, akakanyaga moja kwa nyingine, akajishikiza mezani asianguke. Kwamboka akapasuka kicheko. "Mama, unafanana na bata!" Ndipo Drusilla naye akacheka, na Abner, na nyumba nzima ikacheka kama chungu kinachochemka. Mogaka alicheka pia, huku machozi yakishuka hadi kidevuni, na hakuyapangusa.

"Sikuwahi kujua kwamba nina sauti," alisema.

Vasant alizima kamera taratibu. "Hii," alisema, "hata mtu akiwa ameshiba ndizi hatalala."

Mzee Abner akasema waombe, wakaomba. Sala yake ya kawaida ilikuwa ndefu kama barabara ya Nyamira, lakini siku hiyo alisema maneno machache, sauti ikamkatika, akasema amina.

* * *

Chai iliwekwa motoni, na sukari ikawa haipo. Mzee Abner akasema Kwamboka akimbie dukani.

"Hapana," Drusilla alisema. Alikuwa ameketi kizingitini akizivua gambuti, akiguna. Akazisukuma kuelekea kwa mumewe. "Vaa mwenyewe. Nenda wewe."

Kila mtu humo ndani alijua njia ya dukani inapita wapi. Ilipita nyuma ya boma la Nyanchera, na hakuna aliyeweza kuapa kwamba shangazi aliacha kibuyu kimoja tu.

Mogaka alizivaa. Alimtazama mkewe akitafuta kitu cha kuchekesha, hakukipata. Akatoka.

Wakangoja. Mzee Abner alianza habari ya makambi, akaisahau katikati. Zachariah aliomba kimya, jicho moja kwenye mlango. Maziwa yalipanda, Drusilla akayapuliza, yakashuka, yakapanda tena. Muda wa kwenda ulipita, na muda wa kurudi ukapita. Vasant aliangalia saa, kisha akaingiza mkono mfukoni ili asiiangalie tena.

Halafu gambuti zikasikika mteremkoni.

Mkono wa Vasant ulikwenda kwenye kamera. Drusilla akatikisa kichwa, naye akauondoa. Wakasikiliza, watu wazima wanne, shingo wamezielekeza upande mmoja. Hatua zilipanda, sawasawa, moja baada ya nyingine. Zikafika kwenye mawe. Zikapita bila kusimama.

Kwamboka hakuinua hata kichwa. Alikuwa amepanga vikombe mezani, na sasa alikuwa anaongeza kimoja.